Sicco Mansholt: Mulimaji Aliyekata Bei ya Ngano ya Ulaya



Kila mutu anayekaa na walimaji anajua kwamba mateso yao si jua kali na majani mabaya tu. Ni bei pia. Mama analima maharagi kwa miezi mitatu, anabeba kitunga kichwani mpaka sokoni, na huko ndiko anakoambiwa kazi yake ina bei gani. Mwaka wa mavuno mengi bei inaanguka, naye anarudi nyumbani na feza kidogo kuliko mwaka wa mavuno haba. Lakini bei ikipanda, mufanyakazi wa muji analia: watoto wake watakula nini? Basi serikali isimame upande gani, wa yule anayelima ao wa yule anayenunua?

Swali hili si la Kongo peke yake. Katika historia ya miaka mia iliyopita yuko mutu mumoja aliyepewa kazi ya kulijibu, si kwa inchi yake tu, lakini kwa inchi sita za Ulaya kwa mara moja. Hakuwa mwana-sheria wala mutu wa banki. Alikuwa mulimaji. Jina lake Sicco Mansholt, Muholanzi. Inafaa tumujue, kwanza kwa sababu sheria alizozitengeneza ziligusa hata Afrika yetu. Tena kwa sababu alipata kile alichokitafuta, na ushindi ule wenyewe ukazaa tabu mpya. Mambo ya namna hii yanafundisha kuliko habari za watu walioshindwa tangu mwanzo.

1. Ukoo wake na ujana wake

Mansholt alizaliwa tarehe 13 mwezi wa tisa mwaka wa 1908 huko Ulrum, katika jimbo la Groningen, upande wa kaskazini wa Uholanzi. Babu yake, Derk Roelfs Mansholt, alikuwa mulimaji na rafiki ya Multatuli, yule mwandishi aliyewafunulia Waholanzi kwa kitabu chake Max Havelaar (1860) namna watu wa Java walivyotaabishwa kwa kulima mazao ya lazima kwa faida ya wengine. Sisi wa Kongo hatuhitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Wazee wetu waliijua pamba ya lazima. Baba yake Sicco vilevile alikuwa mulimaji, tena mutu wa chama cha wasosialisti. Kwa hiyo mutoto alikua akisikia nyumbani mambo mawili pamoja: habari za shamba na habari za siasa.

Kijana alitaka kulima, lakini shamba lake mwenyewe hakuwa nalo. Akasoma kilimo cha inchi za joto katika shule ya Deventer, na mwaka wa 1934 akasafiri mpaka Java, iliyokuwa bado koloni ya Waholanzi, kufanya kazi katika mashamba ya chai. Hakudumu huko. Mwaka wa 1936 alirudi kwao, kwa sababu namna ile ya kutawala watu wa inchi ilimuchukiza.

Mwaka wa 1937 akapata shamba katika Wieringermeer. Mahali hapo pana ajabu yake. Waholanzi walijenga ukuta wa udongo kuzunguka kipande cha bahari, wakavuta maji kwa mashini, na mwaka wa 1930 inchi ya hektari karibu 20,000 ikaonekana kavu. Serikali ikagawa mashamba kwa walimaji iliowachagua. Mutu aliyelima pale aliona kila siku kwa macho yake kwamba mulimaji peke yake hawezi kushindana na bahari. Ukuta ni kazi ya wote. Jembe ni kazi ya kila mutu. Ukuta ukivunjika, jembe halina faida tena. Nafikiri fikara hii ndiyo iliyoongoza maisha yake yote.

2. Njaa iliyomufanya waziri

Mwaka wa 1940 Wajerumani waliteka Uholanzi. Mansholt akaingia katika kazi ya siri ya kupinga adui. Alificha watu na kusaidia kupeleka vyakula. Wakati wa baridi ya 1944 na 1945, miji ya magharibi ilikosa chakula na makaa ya kuwasha moto. Watu walikula hata vitunguu vya maua. Walitoka mijini kwa miguu, wakaenda mashambani kubadilisha nguo na saa kwa viazi. Karibu watu 20,000 walikufa, katika inchi iliyohesabiwa kati ya matajiri wa dunia. Na tarehe 17 mwezi wa nne mwaka wa 1945, vita ikiwa karibu kwisha, askari wa Kijerumani walivunja ukuta wa Wieringermeer. Maji yakafunika mashamba na nyumba.

Mwezi wa sita mwaka ule ule Mansholt akaitwa kuwa waziri wa kilimo, uvuvi na vyakula. Alikuwa na miaka 36. Akaikaa kazi ile kwa miaka zaidi ya 12, serikali zikibadilika na yeye akibaki.

Tushike vizuri jambo hili la njaa. Mutu asiyelikumbuka hatafahamu sheria zilizofuata, ataziona kama wazimu. Wakubwa wa Ulaya wa wakati ule walikuwa wameona watu wao wakifa kwa kukosa mukate. Walikuwa wameona tena, katika miaka ya 1930, bei za mazao zikianguka dunia nzima na walimaji wakishindwa kulipa madeni yao. Waliapa kwamba mambo hayo mawili yasirudi: chakula kisikosekane tena, na mulimaji asitupwe tena.

3. Soko moja la inchi sita

Uholanzi ni inchi ndogo inayouza vyakula vingi inje. Mansholt aliona kwamba kila serikali ya Ulaya ikifunga mulango wake, walimaji wote watabanwa. Mwaka wa 1950 alitoa shauri la kuunganisha masoko ya vyakula ya inchi za Ulaya. Halikukubaliwa. Lakini tarehe 25 mwezi wa tatu mwaka wa 1957, inchi sita, ndizo Ubelgiji, Ufaransa, Italia, Luxemburgo, Uholanzi na Ujerumani ya magharibi, zilitia mukono mapatano ya Roma. Kifungo cha 39 cha mapatano hayo kilitaja makusudi ya kilimo: kuzidisha mazao, kuwapa walimaji maisha yanayofaa, kutuliza masoko, kuhakikisha chakula kinapatikana, na kuwauzia wanunuzi kwa bei ya haki. Msomaji ataona mara moja kwamba makusudi haya yanavutana. Ni yale yale ya mama wa maharagi na mufanyakazi wa muji.

Mwaka wa 1958 Mansholt akaacha uwaziri, akaingia katika Komisio ya Ulaya kule Brussels, baraza la watu tisa, akiwa makamu wa mukubwa wake na musimamizi wa mambo ya kilimo. Mwezi wa saba mwaka ule akakutanisha mawaziri na wakubwa wa vyama vya walimaji katika muji wa Stresa, Italia, kutafuta njia. Kisha yakaja mabishano ya miaka. Mwisho wa mwaka wa 1961 ulikuwa ndio mupaka waliojiwekea. Hawakuwa tayari, basi wakasimamisha saa ya ukutani, wakaendelea kubishana usiku na mchana mpaka tarehe 14 mwezi wa kwanza mwaka wa 1962. Hapo sheria kubwa za kwanza zikapita.

Sheria hizo zilifanyaje kazi? Tuchukue hesabu ndogo ya mufano tu, si bei ya kweli. Mawaziri wamekata kwamba mufuko wa ngano uuzwe franka 100 ndani ya inchi sita. Meli inaleta ngano ya Marekani kwa franka 60. Mulangoni inalipishwa ushuru wa franka 40, ipate kuingia kwa bei ile ile ya 100. Bei ya Marekani ikishuka mpaka 50, ushuru nao unapanda mpaka 50. Kwa hiyo mulimaji wa ndani hashindwi kamwe na mugeni. Ngano ikizidi ndani na bei ikitaka kuanguka, mufuko wa feza wa inchi sita unainunua na kuiweka katika depo. Na depo zikijaa, mufuko unamulipa mufanyabiashara tofauti ya bei, apate kuiuza inje kwa bei ya chini ya dunia.

Ilibaki kukata bei yenyewe. Wajerumani walikuwa na bei ya juu, Wafaransa bei ya chini, na hakuna serikali iliyotaka kuwakasirisha walimaji wake. Mansholt akashika neno lake bila kuchoka, na tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1964 wakapatana bei moja ya ngano, itumike tangu tarehe 1 mwezi wa saba mwaka wa 1967. Katikati ya hapo palitokea ugomvi mukubwa: Jenerali de Gaulle, kwa kukataa uwezo wa Komisio uzidi, aliwaondoa wajumbe wa Ufaransa katika mikutano tangu katikati ya mwaka wa 1965 mpaka mwezi wa kwanza wa 1966. Lakini soko la kilimo halikuvunjika. Mulimaji wa Groningen alikuwa ameshinda.

4. Ushindi uliozaa tabu

Sheria ilisema: leta mazao, utalipwa. Haikusema: leta kiasi hiki, si zaidi. Walimaji walifanya kama mutu yeyote mwenye akili angalifanya. Walinunua mashini na mbolea, walichagua ngombe wenye maziwa mengi, wakazidisha. Mavuno yakapanda mwaka kwa mwaka. Siagi ikajaa depo kwa mamia ya maelfu ya tani, hata watu wakaanza kusema juu ya mulima wa siagi. Mufuko wa inchi sita ukawa unalipa kuihifadhi, kisha unalipa tena kuiondoa.

Kulikuwa na ubaya mwingine usioonekana upesi. Bei ya juu inasaidia kwa kadiri ya mazao. Mwenye hektari 5 alipata musaada wa hektari 5. Mwenye hektari 200 alipata mara arobaini. Mulimaji mudogo, ambaye kwa jina lake bei ilipandishwa, alibaki masikini, na jirani yake tajiri akanunua shamba lake. Hivi, sheria iliyotungwa kwa kulinda wadogo iliwanenepesha wakubwa.

Mansholt aliliona jambo hili mapema kuliko mawaziri wengi. Alijua kwamba bei peke yake haiwezi kumuokoa mutu mwenye ngombe watano. Lakini bei zilikatwa na mawaziri, na kila waziri aliogopa kura za kijijini kwake.

5. Ukweli uliofika kama hukumu

Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1968 Mansholt akaweka mbele ya mawaziri maandiko marefu yaliyotazama mpaka mwaka wa 1980. Watu wakayaita Mupango wa Mansholt. Humo alisema wazi yale ambayo wengine waliyanongona. Watu milioni 5 waache kazi ya kulima kabla ya mwaka wa 1980. Wazee wapewe feza ya kupumuzika, vijana wafundishwe kazi nyingine. Hektari milioni 5 ziondolewe katika kilimo, ziwe misitu na mbuga. Mashamba yanayobaki yawe makubwa: hektari 80 mpaka 120 kwa ngano, ngombe 40 mpaka 60 kwa maziwa. Idadi ya ngombe wa maziwa ipunguzwe.

Kwa hesabu, alikuwa na haki katika mengi. Watu walikuwa wanatoka mashambani kila mwaka hata bila mupango wake, na wengi walitoka mikono mitupu. Yeye alitaka watoke na musaada. Lakini mulimaji wa Ubelgiji ao wa Ufaransa hakusikia hesabu. Alisikia kwamba mutu wa ofisi ya Brussels, aliyekuwa zamani mwenzake, anamwambia: wewe umezidi. Shamba la hektari 8 lilikuwa na kaburi la babu yake karibu, na jina la ukoo juu ya mulango. Miaka kumi serikali zilimwambia zidisha, na sasa zinamwambia ondoka.

Tarehe 15 mwezi wa pili mwaka wa 1971 walimaji waliingiza ngombe wazima katika chumba cha mukutano wa mawaziri kule Brussels. Tarehe 23 mwezi wa tatu wakaja kwa wingi, karibu elfu themanini mpaka elfu mia moja, kutoka inchi zote sita. Mabarabara ya muji yakawa uwanja wa vita. Mulimaji mumoja alikufa na watu wengi walipata vidonda. Nyuma yao walisimama vyama vya walimaji vyenye nguvu, ambavyo vingine vilikuwa na mizizi katika Kanisa. Boerenbond ya Flandri, kwa mufano, ilianzishwa mwaka wa 1890 na padri Mellaerts, ili walimaji wadogo wapate kukopa feza na kununua mbolea pamoja.

Mwezi wa nne mwaka wa 1972 mawaziri walipitisha sehemu ndogo tu za mupango: musaada wa kutengeneza mashamba upya, feza kwa wanaoacha kulima, na mafundisho kwa walimaji. Hata hivi watu waliendelea kutoka mashambani, kwa mamilioni, kama hesabu yake ilivyosema. Na bei hazikupunguzwa, kama alivyoomba. Walimaji walimushinda Mansholt, lakini hawakushinda jambo lenyewe.

6. Siku zake za mwisho

Mwaka ule wa 1972 ulimugeuza. Alisoma kitabu cha wataalamu walioonyesha kwamba dunia haiwezi kuzidisha mali bila mupaka, akamuandikia mukubwa wa Komisio, Malfatti, barua iliyoshangaza watu, akiomba Ulaya iache kuabudu wingi wa mali na iangalie udongo, maji na uzima wa watu. Tangu mwezi wa tatu wa 1972 mpaka mwanzo wa 1973 alikuwa yeye mwenyewe mukubwa wa Komisio. Kisha akarudi kwao. Yule aliyehubiri mashini na mashamba makubwa akawa sasa mutetezi wa kilimo kinacholinda udongo. Alikufa huko Wapserveen, Uholanzi, tarehe 29 mwezi wa sita mwaka wa 1995.

Alikuwa ameishi kutosha aone sheria yake ikitengenezwa upya. Mwaka wa 1984 Ulaya iliweka mupaka wa maziwa, kila mulimaji na kiasi chake. Mwaka wa 1992 ikaanza kushusha bei na kumulipa mulimaji musaada mukononi. Ile "kiasi hiki, si zaidi" ilichukua miaka zaidi ya 20 kuandikwa.

7. Wale wasiokuwa mezani

Katika usiku ule wote wa kubishana Brussels, sisi Waafrika tulikuwa wapi? Mwaka wa 1957 Kongo na Ruanda-Urundi zilitiwa katika mapatano ya Roma kama inchi za ng'ambo za Ubelgiji, bila kuulizwa. Tarehe 20 mwezi wa saba mwaka wa 1963, huko Yaoundé, inchi 18 za Afrika pamoja na Madagaska, kati yao Kongo, Rwanda na Burundi, zilitia mukono mapatano mapya zikiwa huru. Kahawa yetu na mazao mengine ya inchi za joto yalipata njia. Lakini kwa vyakula vinavyofanana na vile vya walimaji wa Ulaya, mulango ulikuwa na masharti yake.

Tena, mali iliyozidi Ulaya ilipaswa kwenda mahali fulani. Katika miaka ya 1980 nyama ya ngombe ya Ulaya, ambayo tofauti ya bei yake ilikuwa imelipwa, ilifika katika miji ya pwani ya Afrika ya magharibi ikiuzwa bei chini kuliko nyama ya wafugaji wa Sahel. Mufugaji wa Burkina Faso hakujua jina la Mansholt, lakini alilipa sehemu ya deni. Mwaka wa 2015 tu, katika mukutano wa Nairobi, serikali za dunia zilipatana kuondoa feza hizo za kusukuma mazao inje.

8. Na sisi?

Wengine watasema: mambo ya Wazungu wenye siagi nyingi yatuhusu nini sisi wenye njaa? Yanatuhusu. Sisi tuko pale Mansholt alipokuwa mwaka wa 1945: tunataka chakula kipatikane na mulimaji aheshimiwe. Tusimucheke kwa sababu ya siagi. Tumushukuru kwa kuonyesha kwamba mulimaji aweza kupata bei ya haki serikali ikitaka. Lakini tuone pia alipokwama. Sheria iliyozaliwa siku ya njaa iliendelea kutembea baada ya njaa kwisha, kwa sababu hakuna aliyeipa siku ya kukoma. Na ukweli aliouleta kwa walimaji uliandikwa juu yao, si pamoja nao. Ndiyo maana waliukataa hata pale ulipokuwa ukweli.

Padri ao katekista si waziri. Lakini mara nyingi yeye ndiye anayeitwa kwanza kijijini wakati kampuni, koperative ao mradi unapokuja na ahadi ya bei nzuri, na watu wanamutazama usoni kabla ya kujibu. Asijifanye mutaalamu. Aulize maswali matatu tu, mbele ya wote. Mwaka wa mavuno mengi, nani atanunua yote? Feza ya kulipa itatoka mufuko wa nani? Na siku mupango huu utakapobadilishwa, walimaji watakuwa wamekaa mezani ao watasoma habari zake ukutani? Ahadi ikijibu maswali haya, watu walime kwa moyo. Isipojibu, wabakize sehemu ya shamba kwa mihogo yao.